Kidau Kilichopwelewa

Mjukuu wangu Zuhura,

Hatujambo huku Toronto, ila goti la Mama linamsumbua lifti ikiharibika. Najua unacheka kuitwa mjukuu na msichana aliyemaliza shule juzi, lakini bibi yako ni dada yangu, basi vumilia.

Umeuliza kama nimeisahau Lindi. Mwaka jana klabu yetu ya mashua ilisafirisha kidau changu cha tanga moja hadi Ayalandi, kwenye mashindano. Nilikuwa wa tatu. Nikakatiza karibu na ufuko, kama nilivyozoea ziwani kwetu, ambako maji hayapwi. Kidau kikakwama mchangani, wenzangu wakapita. Maji yaliponiacha ikanijia harufu ya matope na mwani, ile ya kwenu tulipokuwa tukiokota chaza na bibi yako. Nikalia, wala si kwa ajili ya mashindano.

Jioni Baba alinicheka kwenye simu kutoka Toronto. "Mtoto wa Lindi unapwelewa kama mgeni!"

"Nilisahau kama bahari hupwa, Baba."

Kisha akauliza polepole, "Na harufu yake, bado ni ile ile?"

Maji yakipwa kesho, Zuhura, shuka ufukoni ukatunusie.

Bibi yako mdogo,
Mwanaidi