Lebo ya Mkono wa Koti Lako

Baba yangu mtanashati,

Kesho asubuhi nakwenda Kiyovu, hapa Kigali, kuomba kazi. Si benki, wala si ile ofisi ya bima uliyokuwa ukiniombea kila Jumapili kana kwamba Mungu ndiye meneja wa pale. Ni kampuni ndogo ya filamu na matangazo, inatafuta mtu wa kuwavalisha waigizaji wake. Yaani kazi ile ile uliyosema si kazi.

Nakuandikia hadharani, asome anayetaka, kwa sababu wewe hukuwa mtu wa kujificha. Ulipenda kuonekana. Na tangu ulipotutoka, mwaka na zaidi sasa, kuna swali limenikaa kooni. Ungeniacha niende na baraka zako, au ungenitazama tu, ukanyamaza, ukajirekebisha tai?

Siku nilipokuambia nataka kusomea mitindo, tena si kushona, ila kupanga nani avae nini na kwa nini, ulikuwa umesimama sebuleni ukijiandaa kwenda kazini. "Kuvalisha watu?" uliniuliza. "Mwanangu, mtu mzima si anajivalisha mwenyewe?" Lakini Baba, wakati unayasema hayo shingo ulikuwa umeiinua kama mtoto anayefungwa vifungo, na Mama alikuwa anakufunga tai. Akakunyoosha kola, akakupangusa mabega, akakugeuza akukague mgongo. Ulipotoka tu, mimi na Mama tulitazamana, tukacheka hadi chai ikapoa.

Sasa niseme habari ya lebo, maana wasiokujua hawatanielewa. Koti jipya la suti huja na kipande cha kitambaa kimeshikizwa kwa nyuzi chache kwenye mkono, karibu na vifungo, kimeandikwa jina la kiwanda. Kimewekwa pale mnunuzi akione dukani. Ukishanunua unakitoa. Wewe hukukitoa. Chako kilikuwa cheusi, kimetariziwa herufi za rangi ya dhahabu, na wenzako wengi mliokulia Tanzania mlikuwa hivyo hivyo. Kwenye harusi mlikaa meza moja, mikono juu ya meza, lebo zote zinametameta. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni cheo, kama cha polisi.

Na mjue, nyinyi mnaosoma pamoja naye, kwamba nyumbani kwetu hayo yote yalisemwa kwa Kiswahili. Baba alikulia Karagwe, Mama alikulia Buyenzi kule Bujumbura, wakakutana hapa Kigali, watoto wa wakimbizi waliorudi, wote wawili wageni katika nchi yao. Kinyarwanda tuliongea na majirani. Kiswahili kilikuwa cha kugombana na kupatana.

Unakumbuka Biryogo, Baba? Jumamosi ulinichukua tukaenda kwa fundi wako, kwenye kile kichochoro karibu na msikiti, ukasimama juu ya stuli huku yeye amepiga magoti na pini mdomoni. "Mzee, suluari iko sawa," angesema. Nawe ungemjibu, "Suruali, kijana. Na haiko sawa, inakanyagwa." Maskini fundi wa watu, alivumilia masomo ya lugha miaka yote ile. Mimi nilikuwa kwenye benchi na chapati yangu, na kila safari ulinigeukia ukaniuliza, "Unaonaje?" Nikikuambia mguu wa kushoto ni mrefu, ulimwambia fundi afumue, hata kama ameapa kwamba amepima. Hukuwahi kuniambia nyamaza, wewe ni mtoto. Nikifikiri vizuri, shule yangu ilianzia kwenye benchi lile.

Siku ya kwanza ya chuo ulinisindikiza. Ulidai unapita njia hiyo hiyo, ingawa ofisi yako ilikuwa upande mwingine kabisa wa mji. Tulichukua moto mbili, pikipiki za abiria, hadi Sonatubes, chuo kilipo, nawe kofia ya motari, mwendeshaji wako, uliivaa kwa uchungu wa mtu anayeharibiwa nywele, na nywele zenyewe hukuwa nazo. Tukapanda ngazi hadi ghorofani, ukampa mkono mwalimu wetu, Madamu Josiane. Nilimwona akiutazama mkono wako. Alitabasamu kwa heshima, ukaenda zako umeridhika.

Basi somo lenyewe la asubuhi ile lilikuwa nini? Madamu alichukua mkasi mdogo na koti jipya, akatuonyesha lebo ya mkononi, akaikata. "Mkiiacha," alisema, "watu wataisoma lebo, hawatamwona mtu." Wenzangu wawili watatu waliokuona mlangoni waligeuka kunitazama. Nilitamani sakafu inimeze.

Jioni nilikueleza yote, sikukuficha. Ulikuwa unakula isombe, kisamvu chetu, na ugali. Ukatafuna taratibu, ukasema, "Mwalimu wako anaijua kazi yake. Lakini hii haikatwi." Nikauliza kwa nini. "Haikatwi tu," ukasema, ukaomba chumvi. Nilijua ubishi wako, nikaacha.

Kisha ugonjwa ukaja, ukakupunguza hadi mashati yako yakawa kama ya mtu mwingine. Sitaandika mengi ya miezi ile. Mimi nilikuwa naenda chuo asubuhi na hospitali mchana, na ukinisikia nimefika ulifumbua macho, ukatazama nimevaa nini kabla hujatazama uso wangu. Hukuuliza habari za masomo hata mara moja. Hilo ndilo lililoniuma. Nilisubiri neno, Baba, hata neno la ugomvi.

Siku ya kukuaga, Mama na dada zake walikuwa wamekuvika suti yako ya bluu iliyokolea. Nilisogea kabla hawajafunga jeneza, na jicho langu la kazi likaenda lenyewe kwenye mkono. Lebo hakuna. Nilikasirika hasira ambayo haina adabu mbele ya maiti. Nilimfikiria Mama, kwamba ameona aibu kwa ajili ya watu wa ofisini kwako, akakukata kitu cha pekee ulichokataa kukatwa. Lakini kwenye msiba utaanzaje kuuliza habari ya lebo? Nikanyamaza, na nikaendelea kunyamaza.

Mtihani wetu wa mwisho ulikuwa huu: mchague mtu asiyekuwepo, mumweke mbele ya watu kwa nguo zake tu, mpaka asiyemjua amjue. Ningemchagua nani mwingine? Nikamwomba mdogo wako, Baba mdogo Faustini, avae nguo zako nimpige picha. Urefu wenu ni mmoja, mabega ni yale yale. Nikatoa koti la kijivu na viatu vyako vya kahawia.

Chuoni tunafundishwa kuazima nguo na viatu dukani na kuvirudisha vikiwa vipya, kwa hiyo viatu tunavibandika selotepu chini ya soli visichubuke. Nikaanza kubandika vyako kwa mazoea. Nilikuwa nimemaliza kimoja ndipo nikakumbuka kwamba hakuna duka linalovisubiri. Nilikaa sakafuni nikalia, Baba mdogo amesimama na soksi zake hajui afanye nini. Mwishowe akasema tu, "Ihangane, mwana wanjye," vumilia, mwanangu, nami nikajikaza, nikakibandua.

Tulipiga picha za majaribio. Kila kitu kilikuwa mahali pake, tai, leso, mkunjo wa suruali ukigusa kiatu bila kukanyagwa, na wewe hukuwepo. Alikuwa ni Baba mdogo aliyevaa koti la kaka yake. Nilizitazama zile picha nikazitazama tena, hadi nilipofika kwenye mkono, nikaona hauna lebo.

Nilimkuta Mama jikoni anachambua maharage, na hasira ya mazishi ikapanda yote. "Lebo ya Baba uliitupa wapi?" Alinawa, akajifuta, akaingia chumbani, akarudi na lile kopo la biskuti anamowekea nyuzi. Lebo ilikuwa ndani, imefungwa kwenye kitambaa safi.

"Ni hii moja tu," alisema. "Siku zote ilikuwa moja."

Mimi nilidhani kila koti lako lilikuja na yake. Kumbe koti la kwanza lilinunuliwa na Babu, kule Bukoba, ulipokuwa kijana unataka kwenda kutafuta kazi. Ukaja nalo Kigali, mahali ambapo hakuna aliyekujua wala aliyemjua baba yako. Mama anasema uliapa kwamba yule bwana wa kwanza kukupa kazi aliutazama mkono wa koti kwanza, ndipo akakuambia keti. Koti lilichakaa viwiko, likaenda, lakini lebo Mama aliifumua akaihamishia koti lililofuata, na lililofuata, mengine ya caguwa, mitumba ambayo haikuwahi kuwa na lebo yoyote mkononi. Miaka yote hiyo, Baba. Mtu mzima anajivalisha mwenyewe, eti.

"Sasa kwa nini uliitoa siku ya kumzika?" nilimuuliza.

Alikuwa ameshatunga uzi, anaishikiza kwenye koti la kijivu. "Hilo si la leo," alisema. "Na mtihani ukiisha unirudishie."

Siku ya mtihani picha zako zilibandikwa ukutani, kubwa. Madamu Josiane alipita taratibu, akafika kwangu, akasogeza uso karibu na mkono wa koti. "Umelisahau somo la kwanza," alisema. Nikamwambia sikulisahau. Nikamweleza habari ya Babu, ya kopo la nyuzi, ya kuambiwa keti. "Bado ni kosa," akasema. "Lakini ni lake. Liache."

Nilifaulu, na ni yeye aliyepeleka jina langu huko Kiyovu. Nilipomrudishia Mama lebo yake aliipokea, akaifungia tena, basi. Nami nikabaki na swali langu lile lile, kwa sababu kujua ulikotoka na lebo hakukuniambia kama ungependa niende.

Leo tumetoka kanisani, tumekula, nami nikaanza kupiga pasi koti langu jeusi. Amenishonea fundi wako wa Biryogo. Bado anasema suluari, na alipotaja jina lako alitoa pini mdomoni kwanza. Nikiwa napiga pasi Mama akaja na kopo. "Lete koti," akasema.

"Mama, pale nakwenda kuomba kazi ya kuvalisha watu. Wakiona lebo mkononi watanicheka."

"Wacheke. Wakimaliza watakuambia keti."

Akalichukua, akakaa karibu na dirisha palipo na mwanga, akaanza kushona. Na huku anashona, bila kuniangalia, ndipo akanisimulia. Anasema ni wewe uliyemwagiza. Siku moja hospitalini, mimi nikiwa chuoni, ulimwambia akifika nyumbani aitoe lebo kwenye suti ya bluu, usizikwe nayo. Alidhani ni homa. Ukamwambia huko unakokwenda unajulikana tayari, baba yako yuko huko. Amwekee mtoto, ya siku atakayokwenda kuomba kazi.

Mama akakuuliza, "Kazi ipi?" maana nyinyi wawili mlikuwa mnaiombea ile ofisi ya bima.

Ukasema, "Hiyo hiyo yake, ya kuvalisha watu. Ana jicho huyo. Tangu Biryogo ana jicho."

Baba. Pasi ilikuwa bado mkononi mwangu, nikaiweka chini. Nikamuuliza Mama kwa nini alikaa na neno hilo mwaka mzima, kwa nini hakunipa hata siku ya mtihani, akiona ninavyohangaika. Akakata uzi kwa meno. "Mtihani si kazi," akasema. "Yeye alisema kazi. Na alisema usipewe mapema, kwa sababu ukipewa mapema utaikata."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, na Mama naye, hadi jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna usalama.

Sasa koti linaning'inia mlangoni, nami naliona kutoka hapa ninapoandika. Lebo imekaa pale pale ilipokaa kwako, karibu na vifungo, na kwa kanuni zote nilizosoma ni kosa. Kesho nitashuka kwenye moto, nitavua kofia ya motari, nitajitazama kwenye kioo cha mlango wao kama ulivyokuwa ukifanya, kisha nitaingia nikawape mkono.

Pumzika, Baba. Sitaikata.

Ni mimi mwanao,
yule uliyekuwa ukimgeukia kwenye benchi na kumuuliza, "Unaonaje?"