Redio Iliyorudi Kichwani kwa Baba Mkwe

Ikubo,
Kwa anwani ya Misheni,
Posta ya Tukuyu.
16 Septemba, 1956

Mpendwa ndugu yangu Saulo,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye ukungu. U hali gani huko Iringa? Wifi yangu Verediana hajambo? Na mtoto, yale meno yameshatoka au bado anawakesha? Sisi huku wote hatujambo, tunamshukuru Mungu. Filemoni wangu alishikwa na kikohozi wakati wa baridi ya Julai, lakini sasa kimemwacha. Tupokigwe amerefuka mpaka kanga zangu zinamtosha, na binti huyu anazivaa bila hata kuniomba. Kahawa tumemaliza kuchuma, na mwaka huu imetupendeza.

Najua unangoja habari za redio uliyonipa, na najua umeshasikia maneno. Kuna mtu alishuka kwenye basi hapo Iringa akakuambia kwamba mashemeji zangu wameichukua, nawe ukaniandikia barua ya hasira, eti unakuja mwenyewe kuidai. Kaa chini, mdogo wangu. Mwambie wifi akumiminie chai, kisha unisome polepole, maana dada yako ameshinda.

Nianze mwanzo. Redio ilifika salama, imefungwa ndani ya blanketi lako, na betri yake ilikuwa nzito kuliko redio yenyewe. Watu walipoiona ilivyo duara na ya buluu walidhani umenitumia sufuria, wakasema ndugu yake wa mjini amekosa adabu, kwa nini hakununua na kifuniko. Nikawaacha waseme. Tukafanya kama ulivyoelekeza: Filemoni alisimamisha mwanzi mrefu juu ya paa, tukafunga waya wa hewani, na ule waya wa ardhini tukauchomeka chini nje, kando ya ukuta, pale ninapomwaga maji ya vyombo ili udongo usikauke.

Filemoni ndiye aliyeanza kuzungusha kitufe. Unamjua shemeji yako, mkono wake umezoea jembe. Stesheni zikawa zinapita kama basi lisilosimama, na sisi tunasikia mvumo tu. Nikamwambia, hebu nipishe. Nilizungusha kidogo kidogo huku nimefumba macho, kama kwenye kwaya ninapotafuta sauti ya kuanzia, na mara mtu wa Dar es Salaam akazungumza ndani ya nyumba yangu. Alisema habari za jioni, na Yudith akamjibu nzuri, na huko je? Yudith unamkumbuka, ni mke wa shemeji yangu Abrahamu, kaka yake Filemoni. Tulicheka mpaka tukasahau kusikiliza habari.

Tangu siku hiyo jioni zangu zikawa nyingine. Wanawake walikuja na kazi zao, huyu anapukuchua mahindi, huyu anachambua maharage, tukasikiliza nyimbo, bei za mazao na mambo ya dunia. Saulo, sijawahi kuwa na kitu kama hicho. Vyungu ni vyangu, lakini vinapikia wote. Migomba naipalilia mimi, lakini ni ya mji wa baba mkwe. Redio hii ilikuwa yangu, uliniletea mimi niliyekubeba mgongoni, na kila jioni nilipoiwasha nilijisikia mtu mkubwa. Nakuambia wazi, niliringa.

Sasa wifi Verediana, hapa nasimama kidogo kwa ajili yako, maana huko kwenu Wahehe mna ya kwenu. Kwetu mke hamtazami baba mkwe wake. Haingii nyumbani kwake, hasemi naye, hata jina lake halitamki, na ndiyo sababu hata humu silitaji. Nikikutana naye njiani naingia majanini, nainama, najifunika kanga mpaka apite. Tunaita ukutila, ndiyo heshima yetu. Wakristo wengi siku hizi wamelegeza, ila baba mkwe wangu hajabatizwa, na mimi sikutaka kumvunjia heshima. Tangu niolewe sauti yake nimeisikia kwa mbali tu, akiita ng'ombe.

Basi jioni moja, katikati ya nyimbo, nikasikia harufu ya tumbaku ya kiko. Filemoni havuti. Nikajua. Mzee alikuwa nje, nyuma ya ukuta, amekaa kwenye migomba anasikiliza redio. Sikusema neno kwa mtu yeyote, niliigeuza tu redio uso wake ukaelekea ukuta ule, nikaongeza sauti. Kesho yake harufu ikaja tena, nami nikafanya vilevile. Ikawa hivyo siku nyingi, yeye nje mimi ndani, na hakuna aliyemwambia mwenzake lolote.

Aliyeharibu ni Abrahamu. Alipita nyuma ya nyumba siku moja akamkuta baba yake amekaa chini kwenye umande, amejifunika blanketi, na sisi wanawake tuko ndani tunacheka karibu na moto. Hasira ilimpanda. Aliingia kwangu mchana wa kesho yake na vijana wawili na majirani nyuma yao, akasema mbele ya Filemoni: "Baba anaganda nje kama mgeni asiye na kwao, na mke wako anastarehe! Mali ya mke ni ya mume, na ya mume ni ya baba. Hii inakwenda kwa tata, kwa baba yetu."

Ukweli niuseme, neno la umande lilinichoma. Filemoni naye lilimfunga mdomo, kwani mtoto gani atasema baba yake akae kwenye baridi? Wakaibeba redio, betri, na waya zote. Nilisimama mlangoni nikaitazama inavyovuka kijito. Nililia, Saulo, na sikulia kimya kimya. Nililia kwa sababu mahali ilipokwenda mimi siwezi kukanyaga mpaka nife.

Lakini Abrahamu alisahau jambo moja, nalo ni kubwa. Alisahau kwamba mke wake naye ni mke wa mtoto wa mzee yule yule! Jioni ile Yudith alimwandalia chakula vizuri kabisa, akasubiri ameanza kula, ndipo akamwuliza: "Na mimi, baba Saimoni, nikasikilize wapi? Niingie kwa baba mkwe, nikae naye kiti kimoja?" Abrahamu alibaki na tonge mkononi. Wake wa ndugu zao wengine nao wakauliza waume zao vilevile, kila mmoja nyumbani kwake. Mji mzima ukawa na wanaume wanaokula bila kuinua macho.

Na huko kwa mzee mambo hayakuwa mazuri. Abrahamu aliogopa waya wa hewani utaita radi, akaufunga ndani, juu ya kenchi, kwenye moshi. Waya wa ardhini akauchomeka kwenye majivu ya jikoni. Redio ikavuma, ikakoroma, haikusema. Nilimtuma Filemoni akaeleze kwamba waya mmoja unataka kuwa juu nje na mwingine unataka udongo wenye maji. Alirudi amenuna. Abrahamu alimjibu kwamba hafundishwi kazi na mke wa mdogo wake. Basi wanaume wakawa wanakusanyika kila jioni kusikiliza mvumo, wanatikisa vichwa kana kwamba wanaelewa, na mzee amekaa kwenye kona yake na kiko chake.

Sasa sikiliza. Jumamosi ya tarehe 8 nilikwenda Misheni kwenye mazoezi ya kwaya. Niliporudi nilikuta kitu nyuma ya nyumba yangu. Kulikuwa na kibaraza kipya cha mianzi mibichi, kimeegemea ukuta wangu, kimeezekwa vizuri, ndani yake kuna benchi la kukalia. Kwenye ukuta wenyewe pamekatwa tundu la kiasi cha redio, na juu ya tundu pamening'inizwa mkeka ili wa huku asimwone wa kule. Tupokigwe alikuwa anaruka ruka. Akasema: "Mama, ni babu! Amekata mianzi mwenyewe, amejenga mwenyewe! Baba Saimoni alikuja kumsaidia, babu akamwambia akae pale aangalie tu."

Kabla sijapumua nikasikia watu wanapiga kelele upande wa kijitoni. Tupokigwe akakimbia kuchungulia, akarudi mbio: "Mama, jifunike! Babu anakuja, na redio iko kichwani!"

Saulo, unawajua wazee wetu. Umewahi kumwona mzee wa kiume, mwenye ng'ombe na wajukuu, akibeba mzigo kichwani kama mwanamke anayetoka sokoni? Nami sikumwona. Nilirukia kwenye migomba, nikainama, nikajitupia kanga usoni, na hivyo ndivyo ushindi wangu ulivyonipita, mita chache tu kutoka puani, na mimi naona maua ya kanga peke yake! Nilitamani kutoboa tundu kwenye kanga. Nilisikia miguu yake, taratibu, na nyuma yake miguu ya mji mzima. Nilisikia Yudith akipiga vigelegele. Nilimsikia Abrahamu akiomba: "Tata, nipe nibebe mimi, watu wanatuangalia." Na nikamsikia mzee akijibu, karibu yangu kabisa: "Uliichukua mchana watu wakiona. Mimi nairudisha mchana, waone vizuri."

Aliiweka mlangoni, akamkabidhi Filemoni, akazunguka kwenda kukaa kwenye kibaraza chake. Abrahamu naye ikabidi amfuate akakae, maana angekwenda wapi na watu wote wale wanamtazama?

Filemoni alipanda juu ya paa kama kijana anayechumbia. Waya ukarudi kwenye mwanzi, mwingine nikauchomeka mimi mwenyewe kwenye udongo wangu na kumwagia ndoo nzima. Wanawake wakajaa ndani, wanaume wakajaa kibarazani. Niliweka redio kwenye tundu, nyuma ya mkeka, nikafumba macho nikazungusha. Mara Dar es Salaam hiyoo, safi, hata mtu akivuta pumzi kule unamsikia! Kelele zilizopigwa pande zote mbili za ukuta, nadhani walizisikia mpaka Mbeya.

Nyimbo zilipokwisha, mzee alikohoa, na watu wakanyamaza. Nikapunguza sauti ya redio. Sikujua anataka nini. Akaanza kusema, lakini hakusema na mtu. Alisema na redio.

"Wewe redio," akasema, "sikiliza. Huyu aliyekuwasha sijawahi kumwambia neno tangu alipoingia katika mji wangu, na desturi haikunipa njia. Lakini wewe si mkwe wangu, wewe naweza kukuambia. Kila asubuhi natazama kutoka kwangu, na moshi wa jiko lake ndio wa kwanza kupanda. Miaka yote hii nauona. Wewe ni wa kwake. Wala si wa mume wake, wala si wangu. Nilikaa kwenye umande kwa hiari yangu, na aliyenigeuzia uso wako nilimjua. Atakayekugusa tena bila ruhusa yake, amenigusa mimi. Abrahamu amesikia. Ndaga fijo."

Wifi, ndaga fijo ni asante sana kwa lugha yetu.

Yudith alinishika mkono, naye analia kunizidi. Nilitaka kunyamaza kama ninavyopaswa, lakini nikashindwa. Nikainamia redio, nikaiambia ile redio, kwa sauti ya kusikika nje: "Redio, mjibu tata. Mwambie nimesikia. Mwambie kiti chake kimekwisha kuwekwa hapo na hakitaondolewa, na kila jioni sauti itakuwa upande wake. Ndaga, tata."

Kule nje mzee akacheka. Sikujua kwamba anacheka hivyo, Saulo, kwa sauti nyembamba kama ya kijana. Filemoni anasema hata yeye alikuwa ameisahau.

Tangu hapo hatujaacha. Sivunji desturi, nikimwona njiani bado naingia majanini. Lakini jioni mzee anaiuliza redio kama kahawa imekauka, nami naiambia redio imjibu. Juzi aliiuliza huyo ndugu aliyeileta ni mtu wa namna gani. Nikaijibu nilivyoona inafaa, na yote mazuri.

Abrahamu huja kila jioni, hukaa mwisho wa benchi. Wiki hii alimtuma Yudith aniulize kwa upole kama naweza kupata stesheni ya mpira. Nimemwambia nitaangalia nafasi.

Nisalimie wifi Verediana sana, na baba yake Mzee Yohane, na mama yake Paskalina, na mtoto umbusu mashavu yote mawili. Filemoni anakusalimu, Tupokigwe anakusalimu, Yudith anakusalimu na kusema Mungu akuongezee. Baba mkwe naye amekutumia salamu, ameipa redio, nami naziandika hapa jinsi nilivyozipokea: uje umtembelee, utakaa naye kibarazani.

Mungu awafunike ninyi wote, awape usingizi mwema na riziki isiyokatika.

Ni mimi dada yako akupendaye kwa moyo wote,

Tusekile,
mwenye redio.