Kidole cha Baba

Clare, Jumanne

Kaka Fintan,

Mama hajambo, na yule punda wako bado anauma watu.

Sasa sikiliza. Jumapili nilipiga fidla kwenye baa ya kina Considine. Unajua nyimbo zote nimejifunza kwenye kanda za marehemu Baba. Alipotelezesha kidole kwenye uzi, natelezesha, aliporuka noti, naruka. Nilipomaliza, mzee Packie, aliyekuwa akimpigia Baba filimbi, akanikazia macho.

"Bríd mwanangu, kidole chako cha mwisho kinauma?"

"Hakiumi, mzee."

"Mbona hukitumii? Baba yako alitelezesha cha tatu kwa sababu hicho cha mwisho hakuwa nacho! Umeiga kilema chake ukadhani ndio ufundi. Hebu piga tena, utupigie kwa namna yako!"

Baa nzima ikacheka. Nilipandwa na hasira, nikapiga kwa hasira hiyo hiyo. Kidole cha mwisho kikashuka pale Baba aliporuka, wimbo ukafunguka, na kila niliporudia niliugeuza nitakavyo. Watu wakasahau bia zao. Packie akapiga kelele, "Huyo! Huyo sasa ndiye Bríd!" Mama alikuwa mlangoni, analia huku anacheka.

Najua kwa nini hujashika fidla tangu mashine ya kukata nyasi ilipomkata Baba kidole hicho, wewe ukiwa kwenye usukani. Lakini Fintan, yeye hakuacha kupiga hata wiki moja. Wewe vidole unavyo vyote. Njoo nyumbani uvitumie.

Dada yako, anayeringa tangu Jumapili,
Bríd