Taa wa Feri

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Tangazo limetoka. Hatimaye! Wenye mchezo wa Mazimwi, huu wa kuwinda kwa simu, wametupa zimwi letu. Kila pembe ya dunia ina lake lisilopatikana kwingine, na sisi miaka yote tumekuwa tukifukuzana na yule swara wa bara tu. Sasa Pwani ya Kenya ina lake peke yake. Jina: Taa. Sura hawajaionyesha. Wametoa kivuli cheusi tu – kitu kipana, bapa, chenye mkia mrefu mwembamba.

Grupu la wachezaji limechachamaa. Chrispine, admini wetu, mtu wa bara aliyehamia Nyali mwaka juzi, ameshatoa hukumu: ni taa ya stima, ile ya kuning'inia darini, na mkia ndio waya. Kawapanga watu, huyu achukue nguzo za barabara ya Links, yule nguzo za darajani, yule parking ya mall.

Mama nilimkuta uani anatia chumvi samaki wake wa kuanika. Nikamwonyesha kivuli kwenye simu. Hakuangalia mara mbili. Kasema huyu taa, na mwiba wake huu hapa mkiani, na nani asiyemjua taa, watoto wanne nimewalea kwa kuuza taa mkavu? Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Grupu sikuwaambia kitu. Wacha wahesabu nguzo.

Jumatano, 3 Septemba

Nguzo zimewaishia. Wamehamia mulika mwizi za Kongowea, zile taa za nguzo ndefu sokoni. Wapi!

Mimi nilipotoka kazini nikashuka ufukwe wa Shelly, nikaingia maji mpaka magotini, simu juu kama anayetafuta mtandao. Hakuna. Mama kanicheka. Kasema taa mkubwa ataka maji ya kina, hawezi kuja kunisalimia ufukweni. Sasa maji ya kina mimi nitayapata wapi? Chombo sina, na kuogelea sijui, na huyu ni mtoto wa Bofu, Likoni, kando ya bahari, anayeandika haya, aibu.

Nimeangalia ramani ya mchezo tena. Nyali imejaa vituo vya kukamatia mazimwi, kila duka kituo, hata lile bomba la maji la kupambia kwenye mlango wa hoteli ni kituo. Huku kwetu kijivu kitupu. Msikiti upo, kanisa lipo, soko lipo, uwanja upo – kijivu. Nimewaandikia mara tisa waiweke Bofu. Mara tisa wamejibu mahali hapo hapana umuhimu. Mimi nalala mahali hapo!

Ijumaa, 5 Septemba

NIMEMPATA!

Asubuhi, kwenye feri ya Likoni, navuka kwenda kazini kisiwani. Nimesimama upande wa mbele, kati ya mikokoteni ya machungwa na mama mmoja aliyebeba kuku. Simu mkononi kwa mazoea tu. Tumefika katikati kabisa ya mkondo, pale injini inapobadilisha sauti, simu ikatetemeka. Nikaona maji ya kwenye skrini yanainuka. Kisha mabawa. Mpana huyo, wa buluu, madoadoa ya dhahabu mgongoni, mkia nyuma unachezacheza. Sikuamini. Nikarusha wavu wa kwanza, ukapita pembeni. Wa pili pia. Wa tatu – ule wavu mwekundu nilioutunza tangu Krismasi – ukamfunika vizuri. Nikapiga kelele. Kuku wa yule mama nao wakapiga kelele.

Ni mantiki tupu. Maji ya kina, na mtu mwenye simu juu yake. Mahali kama hapo ni kwenye feri tu, na mimi napita hapo mara mbili kwa siku, miaka kumi na nne sasa.

Nikaweka picha ya skrini kwenye grupu: Taa, wa kwanza Pwani, amekamatwa na Kafedha wa Bofu. Nikaongeza: samaki, jamani, si stima. Dakika ishirini nzima hakuna aliyeandika neno. Raha niliyoisikia!

Nasreen, mwenye duka ninaloshonea pale Marikiti, kaniuliza mbona nimeshona mkono wa kushoto wa shati la shule kulia. Nikaufumua bila kununa.

Jumamosi, 6 Septemba

Akaunti imefungwa.

Nimeamka, nimefungua, skrini nyekundu. Wanasema nimeidanganya simu. Ipo programu kama hiyo, najua: mtu amejilaza Nakuru, mchezo wamwona yuko Lamu. Wanasema nilikamata zimwi mahali ambapo binadamu hawezi kusimama. Nina mpaka Jumapili tarehe kumi na nne, saa kumi na mbili jioni. Nikikiri, nitasamehewa. Nisipokiri, yote yafutwa. Mazimwi mia sita na kumi na moja. Tangu mwaka wa korona.

Binadamu hawezi kusimama. Mimi! Nilikuwa nimesimama!

Jumapili, 7 Septemba

Chrispine ameandika kwenye grupu, mbele ya watu mia mbili na kumi na nne, ati ndiyo sababu alishangaa, ati mtu wa Likoni anapataje kabla ya watu wenye vituo. Mwengine akaweka ramani na msalaba mwekundu katikati ya mkondo: hapa hakuna barabara, hakuna daraja, hakuna jengo. Picha yangu mwenyewe ndiyo inayonifunga, maana inaonyesha niko majini wazi.

Nikaandika neno moja: FERI. Chrispine akajibu ati ramani ya mchezo haina feri. Kisha akanitoa kwenye grupu.

Mwizi. Hakulitamka, lakini ndilo alilosema. Nimepitisha nguo za watu mikononi mwangu maisha yangu yote na sijabakisha hata kipande cha mpindo.

Jumatatu, 8 Septemba

Kazini. Sina la kuandika. Nimevuka asubuhi, nimevuka jioni. Simu ilikuwa mkobani, na nilijua pale pale katikati kwamba Taa yuko chini yangu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimewaandikia rufaa. Wakajibu haraka, nadhani ni mashine: tafadhali eleza jinsi mtu anavyoweza kusimama katika eneo hilo. Nikajibu kwa Kiswahili safi:

«Kwa miguu miwili.»

Nasreen kasema nimeharibu kesi. Labda. Lakini usiku nililala vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii.

Nilitaka kupiga video niwatumie. Jioni, kwenye feri, nikainua simu pale mbele, mlinzi akanijia – hapa hapapigwi picha, dada, wajua. Najua. Nikamweleza kisa chote cha zimwi. Akanisikiliza mpaka mwisho, mpole kweli. Kisha akaniambia niweke simu chini.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo kaja mzee Badawi dukani. Sikutarajia. Huyu ndiye balozi wa wachezaji wa Pwani nzima, wenye mchezo wenyewe walimchagua, na neno lake hulipokea bila kuuliza. Mtu wa Mji wa Kale kwa asili, sasa akaa Nyali. Alianza mchezo kwa sababu daktari alimwamuru atembee, ana sukari. Kanzu imenyooka, miwani mnyororoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akamuulizia mama yangu, akauliza kazi. Nasreen akatuachia benchi.

Kaniambia kwa taratibu zake kwamba amekuja kunisaidia. Ipo fomu. Ni mstari mmoja: nilitumia mahali pa uongo, sitarudia. Nikiweka jina, yeye ataipeleka kesho, nitarudishiwa mazimwi yangu yote. Isipokuwa Taa. Na Chrispine atanirudisha kwenye grupu, yeye mwenyewe ameshazungumza naye.

Nikamuuliza kama yeye aamini nilidanganya.

Akatazama sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa. Kasema hilo si swali. Wengine wanakiri ili mambo yapite tu, wala hakuna atakayekumbuka.

«Mimi nitakumbuka, mzee. Huo mstari siuandiki.»

Kasema nisiwe na hasira, mchezo ni mchezo. Nikamwambia kama ni mchezo basi na wafute. Lakini watafuta akaunti ya mtu mkweli, na wewe balozi utakuwa umeshika kalamu. Sauti ilinipanda. Nasreen alikohoa kutoka nyuma ya pazia.

Kisha nikamuuliza jambo dogo tu: mara ya mwisho kuvuka feri kwa miguu ilikuwa mwaka gani?

Akafikiri. Akafikiri tena. Kasema kwa miguu, wallahi hakumbuki, labda alipokuwa akija mazishini Mtongwe, na hata siku hiyo alikuwa ndani ya gari. Akapanga miwani yake. Nikaona aibu imempitia usoni, wala sikumwonea huruma hata kidogo.

Nikamwambia Jumapili, saa kumi, upande wa kisiwani, nitakuwepo. Aje na simu yake. Hakuahidi. Kasema inshallah, na sote twajua inshallah nyengine maana yake ni hapana.

Fomu aliiacha kwenye benchi. Nimeikata, nimeifanya pattern ya kola.

Ijumaa, 12 Septemba

Mama kaniuliza vitu vyenyewe vinauzika? Nikamwambia haviuzwi. Vinaliwa? Haviliwi. Akageuza samaki juani. Kisha kasema lakini wamekuita mwongo. Ndiyo, mama. Kasema basi usiandike.

Hayo tu. Akaniambia nisogee, namzibia jua.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika haya nimekaa kwenye sehemu ya kungojea, upande wa Likoni, daftari la vipimo juu ya goti. Ni saa kumi na moja na dakika thelathini na tano. Badawi yuko kando yangu.

Alikuja! Saa kumi na robo, bila kanzu, amevaa suruali na raba za kutembelea. Nilikaribia kumpita nisimjue. Tuliingia na watu, akanishika mkono wa shati tulipobanwa, na mimi nikamtafutia chuma cha kuegemea. Nikamwambia afungue mchezo asiongee, asikilize injini.

Katikati, sauti ikabadilika. Simu yake ikatetemeka. Taa akainuka. Alikuwa mkubwa kuliko wangu, mabawa yamejaza skrini nzima. Mzee akasema subhanallah, kwa sauti ya chini sana. Akaangalia maji ya kweli, akaangalia simu, akaangalia miguu yake kwenye chuma.

Nikamwambia arushe wavu, ule mwekundu kama wangu.

Hakurusha. Tukafika, Taa akazama, tukashuka.

Kasema ameona, na kwake yatosha, atawaandikia ameona. Nikamuuliza wao wataona nini? Wataona balozi amesema kuna kitu majini. Na ramani yao itasema binadamu hawezi kusimama hapo. Nikamwambia akirusha yeye, itawabidi waandike balozi wao mwenyewe alisimama pale. Tukazunguka, tukapanga foleni tena, tukavuka tena. Katikati, Taa yule yule. Kidole chake kilikuwa juu ya wavu. Kilikaa hapo. Tukafika kisiwani.

Ndipo akasema la moyoni. «Mwanangu, nikirusha, na mimi watanifunga.»

«Ndiyo, mzee. Watakufunga.»

Kasema ana mazimwi elfu na mia nne. Kasema tangu mkewe afariki, mchezo huu ndio unaomtoa nyumbani asubuhi. Sikulijua hilo. Nikatamani nimwambie basi, yaishe, twende zetu tukanywe kahawa. Neno lilifika mdomoni. Lakini nikakumbuka ule msalaba mwekundu juu ya maji, na mia mbili na kumi na nne waliounyamazia, na yeye akiwa mmoja wao. Sikulisema.

Tukavuka mara ya tatu, kuja huku. Taa akatokea. Safari hii hata kidole hakukiinua, alimtazama tu mpaka akazama. Mimi nikageuka upande wa pili. Nilikuwa na hasira ya kulia.

Sasa tumekaa. Feri inayofuata imefika, inateremsha watu. Nusu saa imebaki, hata haifiki. Simu yangu iko mkobani, nyekundu. Wafute. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa nimesimama pale pale katikati, wataka wasitake, na jioni tena, na hakuna ramani itakayonitoa. Nimemwambia mzee hivyo hivyo. Nimemwambia akitaka kungojea feri nyengine angojee, simlazimishi, ila mimi nitavuka tena saa hii.

Amevua miwani, anaifuta na pindo la shati. Anaifuta muda mrefu.

Watu wameanza kuinuka. Geti linafunguliwa.

Ameinuka kabla yangu. Amefungua simu, ameinama ili nimsikie kwenye kelele hizi, na ameniuliza:

«Ulisema ulitumia wavu upi? Ule mwekundu?»

Ndiyo, mwekundu. Watu wanasukuma, daftari nitali