Maziwa ya mama mkwe yamegeuka

Lorna uko? Ni mimi Igoki. Nimekwisha.

Unajua ile rangi ya buluu tunatia kwa maziwa hapa kituo cha maziwa Kanyakine? Ikibaki buluu, maziwa ni safi. Ikigeuka nyeupe haraka, yamejaa bakteria, tunamwaga.

Leo ya mama mkwe imegeuka. Nyeupe, Lorna! Nyeupe pe! Mbele ya foleni yote.

Nikamwambia, "Pole mama, hatuwezi kuchukua." Tukamwaga. Alifunga leso akaenda, hata mtungi akauacha.

Sasa ngoja. Roho ilikataa kutulia. Nikapima tena yale kidogo yalibaki chini ya mtungi, kwa chupa niliyochemsha.

Buluu. Saa nzima, buluu!

Ni chupa yangu ilikuwa chafu. Jana sikuichemsha, niliisuuza tu na maji baridi nikakimbia. Kukimbilia wapi? Kwake! Kumsaidia kuponda viazi na mahindi ya mukimo wa akina mama wa kanisa.

Nimeenda kumwambia. Nimemkuta kwa geti yake na hao akina mama, wanamcheka. Anawajibu, "Igoki akisema ni machafu, ni machafu. Huyo mtoto hawezi kudanganya."

Lorna, nimejificha kwa migomba. Naingia aje?