Unga wa Msiba wa Yotham

Kizota, 9 Juni 2024

Baba, shikamoo. Natumaini mguu umepoa na mizabibu haijashikwa na ukungu. Mimi mzima. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa dada Ritha barua hii akuletee hapo Zuzu.

Baba, sikukuombea kufa. Tunatengeneza filamu yetu wenyewe, vijana watano na kamera ya kuazima. Ni habari ya kijana mkorofi aliyefukuzwa na baba yake. Siku anarudi, anakuta msiba. Wewe ulikuwa Kondoa kwa shangazi, nikamwomba mama tupigie picha nyumbani. Nilimwambia alie kidogo tu. Akalia hasa, akalitaja jina lako: "Yotham wangu!" Majirani wakaja mbio, uwanja ukajaa, na unga ukaletwa. Mama alishindwa kunyamaza, na mimi nikaona aibu kusema ni mchezo. Nikabeba kamera nikatoroka. Hapo ndipo nilipokosa, baba, na silali.

Mwanao,
Noeli

Zuzu, 16 Juni 2024

Noeli,

Marahaba. Mguu ni uleule. Mama yako hajambo, ila haongei sana.

Jioni ile nashuka kwenye gari, namkuta Bernardo fundi anapima mbao za jeneza langu! Kuniona tu akaangusha msumeno. Jirani yetu Mama Tabu mpaka leo hanipi mkono, ananiona mzimu. Halafu wewe unaniandikia habari za kamera!

Unga wa watu umejaa ndani, ndoo sita. Kuupika kama chakula cha kila siku haifai, kuurudisha ni kuwatukana. Shangazi yako kasema matanga yaanuliwe, majirani waje waule pamoja, na aliyeyaweka ndiye ayaanue. Jumamosi hii. Njoo uwaangalie watu usoni uwaambie ukweli.

Ni mimi,
Baba yako

Kizota, 24 Juni 2024

Baba, shikamoo. Poleni kwa shughuli. Mama anaendeleaje?

Nisamehe. Jumamosi nilifika mpaka relini, nikawaona mmekaa. Nilikumbuka uliponiambia nisikanyage tena kwako, na waliosikia ni watu haohao. Nikageuza. Ni uoga tu, sina la kujitetea.

Filamu nimeisimamisha. Nikimwona mama anavyolia mle najiona mtu mbaya kabisa. Nataka kuifuta yote. Nifute? Ninakusubiri useme wewe.

Mwanao mkosaji,
Noeli

Zuzu, 30 Agosti 2024

Mwanangu Noeli,

U hali gani? Unakula? Sisi tuzima, tunapogoa zabibu. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nakasirika, na siku hizi hasira yenyewe naiona ni ya kujikasirikia.

Siku ile nilikuona relini. Ulivaa shati langu la kijani. Nikasema moyoni, ngoja aje mwenyewe, nikimwita atakimbia. Nikanyamaza, na wewe ukageuza. Ningeinua mkono tu ungekuja. Hilo linanitafuna.

Usifute. Nilimuuliza mama yako, ilikuwaje ulie vile kwa mchezo? Akanitazama akasema, "Kwani nani alikuwa anakulilia wewe? Jina nilitaja lako, ila nilikuwa namlilia mwanangu. Kaingia nyumba aliyozaliwa, ananiuliza viatu aviweke wapi." Mdomo uliokufukuza ni huu wangu.

Watu walikula Jumamosi ile, lakini ndoo moja nimeizuia, ile ya Mama Tabu. Shangazi yako anasema bila wewe msiba haujaisha. Nikipita njiani vijana wananiita marehemu, wanacheka, nami naitika.

Basi njoo upesi, ningali marehemu. Marehemu hafukuzi mtu.

Baba