Mbwa Wangu Alisafiri Vipi

Mururu, 9 Juni 2024

Umurerwa mwanangu,

Jambo kwako. Natumaini uko muzima huko Nyagatare, na ng'ombe za batu unazotibu ziko nzima pia. Mimi mguu unapona. Daktari wa Mibirizi alitoa plasta Jumatano, sasa natembea na fimbo mbili. Shangazi yako Benitha ananipikia, ila chumvi anaitia kama muntu anayelipiza kisasi.

Nilirudi nyumbani juzi. Nikaanza kumuita Kapita tangu barabarani. Nikamuita tena kwenye migomba. Benitha akaniacha niite mpaka mlangoni, ndipo akasema, "Mbwa alienda na Umurerwa." Wiki tatu ulikuwa unaniletea chakula hospitalini, siku ya mwisho ukaniaga vizuri, na hukusema neno. Muntu anachukuaje mbwa wa mzee aliyelala kitandani?

Usipige simu, sitaishika. Nataka maandishi. Na nataka mbwa wangu.

Papa yako,
Ladislas

*

Nyagatare, 17 Juni 2024

Papa mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipokea kwa shofere wa basi, na nimefurahi kusikia plasta imetoka. Tafadhali usiache fimbo mapema. Mimi ni mzima, isipokuwa vumbi la huku linanikaba kifua.

Papa, sikuwa na njia nyingine. Kapita aliua kuku watatu wa jirani Nsabimana ulipokuwa hospitalini. Nsabimana alikuja uani ameshika wa tatu kwa miguu, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Nikimuona tena namtilia sumu kwenye nyama. Sitakuja kukuambia mara ya pili." Shangazi anaogopa mbwa hata aliyefungwa, nani angemlinda? Na mimi likizo ilikuwa imekwisha. Nilitaka kukuambia, lakini kila siku nilikukuta unasaga meno kwa maumivu, nikaona upone kwanza.

Kuhusu Kapita usihangaike. Kula vizuri, na umwambie shangazi ukweli kuhusu chumvi.

Binti yako,
Umurerwa

*

Mururu, 24 Juni 2024

Umurerwa,

Jambo. Afya yangu ni ileile. Ya kwako sijui, barua yako yote ilikuwa ya kuku.

Nsabimana ningezungumza naye mwenyewe. Tuliishi naye Bukavu mtaa mmoja, tukarudi Rwanda mwaka uleule, namjua akisema sumu anamaanisha nini. Lakini hamuniulizi kitu tena. Muntu akivunjika mguu, batoto wake wanafikiri amevunjika na akili.

Sasa nijibu ninachouliza. Mbwa huyu hajawahi kuvuka Kamembe. Alisafiri vipi? Alipanda gari gani, alinusa nini, aliogopa wapi, alifika akalala wapi? Usiniandikie ya kwako. Niandikie ya kwake, toka mlangoni mpaka huko, na usiruke kitu.

Papa yako

*

Nyagatare, 6 Julai 2024

Papa,

Nakusalimu, na nakuombea nguvu ya mguu. Nimechelewa kwa sababu barua hii nimeiandika mara nne. Umetaka ya Kapita, haya, ni ya Kapita.

Asubuhi ile aliniona nachukua mfuko akafurahi. Kwake mfuko ulikuwa na maana moja tu, ni chakula chako, tunashuka njia ya miguu kwenda Mibirizi, yeye abaki langoni akingoja nitoke na harufu yako mikononi. Kwa hiyo alitangulia. Nilipomfunga kamba na kumpandisha kwenye pikapu ya Ndizeye, yule mchuuzi anayekwenda Kigali, hakukataa. Pikapu ilikuwa imejaa magunia ya sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, akanusa kila gunia, akakaa juu yake kama chifu.

Pale Kamembe, gari lilipogeuka kuelekea Ntendezi, akasimama. Alijua si njia ya kuja kwako. Alinitazama kupitia kioo cha nyuma, akatazama tulikotoka, akanitazama tena. Kona zilipoanza akatapika zile sambaza alizokuwa ameiba, Ndizeye akanuna.

Ndani ya msitu wa Nyungwe kulikuwa na ukungu na baridi. Ardhi hakuiona, harufu zote zilimjia kwa mpigo mmoja na kuondoka kabla hajazijua. Kima walikuwa wamekaa kando ya lami kama batu wanaongoja basi. Hakubweka. Papa, Kapita yule anayebwekea hata padri, alijikunja kati ya magunia akaficha pua chini ya mkia. Pale ndipo alipoanza kulia, sauti nyembamba, na hakunyamaza mpaka tukaona mashamba ya chai ya Kitabi. Nilitoa mkono dirishani, akaulamba. Aliamini kwamba mimi najua tunakokwenda.

Tulipofika Gasarenda, Ndizeye alisimama kufunga turubai. Nikamshusha Kapita ajisaidie. Lori likapiga honi karibu na masikio yake, akarudi nyuma, kichwa kikachomoka kwenye kamba, akateremka shamba la viazi mbio.

Baada ya hapo siwezi kukuandikia ya kwake, kwa sababu hakuwa nami.

Nilimuita saa nzima. Ndizeye alisema, "Dada, nina wateja Kigali, mimi naondoka." Nikapanda gari. Hilo ndilo nililoshindwa kukuandikia. Ningeweza kubaki, nikapanda. Jumapili iliyofuata nilirudi Gasarenda, nikauliza watu mpaka jioni. Hakuna aliyemuona.

Mimi kazi yangu ni wanyama, Papa. Nisamehe.

Mtoto wako,
Umurerwa

*

Nyagatare, 18 Julai 2024

Papa,

Hujambo? Najua barua umeipata, shofere ameniambia alimkabidhi shangazi mkononi. Nimepiga simu mara nyingi. Kama una hasira, nitukane, lakini andika. Huku sifanyi kazi vizuri. Jana nilimdunga ndama sindano mara mbili kwa kusahau.

Binti yako

*

Gasarenda, 28 Julai 2024

Umurerwa,

Jambo. Usishangae na jina la mahali. Nilipanda basi tangu Alhamisi bila kumuaga Benitha, kwa hiyo umtulize. Mguu umevimba, kiatu hakiingii.

Mbwa yuko hapa. Yuko kwa mama mmoja, Mukandori, anauza viazi kando ya lami. Anasema mbwa alipanda kutoka bondeni siku ya nane tangu atoroke, amekonda, nyayo zinatoka damu. Wewe ulikuwa umeshakuja kuuliza ukarudi.

Nilitegemea atanirukia. Alikuja, akanusa fimbo, akanusa mguu, akatikisa mkia kidogo kwa heshima, kisha akarudi barabarani akakaa. Nilikasirika, Mungu anisamehe, nilimtukana mbele ya batu. Nimevuka msitu mzima na mguu huu, naye ananipa mgongo.

Mukandori akaniambia, "Mzee, usimkasirikie. Ndivyo anavyokaa tangu afike. Pikapu yoyote ikitoka upande wa Huye, njia ya Kigali, anainuka, anainusa, anarudi kukaa."

Nikamuuliza, "Na zinazotoka kwetu, upande wa Rusizi?"

"Hizo hazitazami."

Nimelifikiria jambo hilo siku tatu. Nilidhani kwamba alitoroka ili arudi kwangu, na wewe labda ulidhani hivyo pia. Sivyo. Alikimbia honi tu, halafu alirudi mahali ulipomuacha. Hanitafuti mimi.

Nikivuta kamba analala chini. Nimejaribu kumpandisha kwenye gari mara mbili, ameniuma mkono, si sana. Kurudi nikamuacha siwezi, kuja naye huko hakubali. Mukandori ametupa chumba cha magunia.

Nimekuandikia vibaya tangu Juni. Nilipotoka hospitalini nilikuta wawili hawapo, wewe na mbwa, nikapiga kelele kwa ajili ya mbwa tu.

Sasa tunakaa wote kando ya lami hii, yeye na mimi, na gari likitokea upande wa Huye tunainua vichwa pamoja. Njoo.

Papa yako